Rangi Katika Hesabu za Kikundi: Seli Iangalie Jirani Gani?



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina madaftari mawili. La kwanza ni lile la karatasi, ambalo mweka hazina hulibeba mkobani pamoja na kitabu cha risiti. La pili limo ndani ya kompyuta: pengine ya ofisi ya parokia, pengine ya shule, pengine ya kijana wa mwanachama aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Hilo la pili ndilo tunalotaka kulizungumzia, na hasa jambo moja ambalo limependwa sana na vikundi tunavyovitembelea, yaani kuifanya kompyuta ipake rangi yenyewe kwenye majina ya wale ambao bado hawajamaliza mchango.

Tunalizungumzia kwa sababu limeleta faida, na pia limeleta machozi. Katika kikundi kimoja cha akina mama, karatasi ya mwezi ilichapishwa ikiwa na majina mekundu na majina meupe. Mwenyekiti akasoma majina mekundu mbele ya mkutano kama wadaiwa. Kumbe mama mmoja kati ya hao alikuwa amemaliza mchango wake wote, na risiti alikuwa nayo. Na jirani yake aliyeketi pale pale, ambaye hakuwa ametoa hata shilingi, jina lake lilikuwa jeupe na akapigiwa makofi. Yule mama aliomba ajitoe. Iliwachukua kamati wiki mbili kumrudisha. Hesabu zenyewe zilikuwa sawa, hata jumla ilikubaliana na pesa za benki. Kilichokosewa ni alama ndogo mbili katika sharti la rangi, na tutafika hapo.

Tuanze na maneno tutakayotumia. Jedwali la kompyuta, ambalo vitabu huliita lahajedwali, lina safu zinazosimama na mistari inayolala. Kila safu ina herufi: A, B, C. Kila mstari una namba: 1, 2, 3. Mahali safu na mstari zinapokutana ni chumba kimoja kidogo, tutakiita seli, na jina lake ni herufi na namba. D2 ni seli iliyo kwenye safu ya D, mstari wa 2. Majedwali ya namna hii yalianza kuuzwa mwaka 1979 kwa programu iliyoitwa VisiCalc, na Excel ikafuata mwaka 1985. Mambo ya rangi yaliingia katika Excel ya 97. Kwa hivyo si kitu kipya, ila kwetu vijijini kimefika polepole.

Rangi yenyewe inafanya kazi hivi. Unaipa kompyuta swali ambalo jibu lake ni ndiyo au la. Jibu likiwa ndiyo, seli inapakwa rangi. Jibu likiwa la, seli inaachwa. Basi, hakuna akili nyingine pale. Kompyuta haimjui Mama Fulani wala haijui kama mtoto wake alikuwa hospitalini. Inajua tu kulinganisha seli moja na jirani yake.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20. Safu ya A ni namba ya mwanachama, B ni jina, C ni pesa anazopaswa kutoa, D ni alizotoa, na E ni zilizobaki. Mstari wa 1 ni wa vichwa, na mwanachama wa kwanza yuko mstari wa 2, wa mwisho yuko mstari wa 21. Tunataka seli ya D ipakwe rangi ikiwa alichotoa ni kidogo kuliko alichopaswa kutoa. Yaani D iangalie jirani yake wa kushoto, C.

Chagua seli kuanzia D2 hadi D21, ukianza juu na kushuka chini. Katika Excel, bonyeza sehemu ya "Home", halafu "Conditional Formatting", halafu "New Rule". Utaona orodha fupi, na mwisho wake kuna njia ya kuandika kanuni yako mwenyewe. Hapo andika:

=D2<C2

Kisha chagua rangi. Katika LibreOffice, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, jambo hilo hilo liko chini ya "Format", halafu "Conditional". Katika jedwali la Google liko pia chini ya "Format", na kanuni huwekwa palipoandikwa "Custom formula is". Kwenye simu rangi huonekana vizuri, lakini kuweka sharti kwa kidole kwenye kioo kidogo ni kazi ya kuchosha, afadhali kompyuta.

Sasa msomaji huenda akauliza: tumeandika D2 na C2 peke yake, hao wengine 19 je? Hapa ndipo penye siri yote, na tunaomba mpasome mara mbili. Kanuni huandikwa kwa ajili ya seli ya kwanza ya juu. Kompyuta ikifika kwenye seli ya pili inaisogeza kanuni yenyewe: D3 inalinganishwa na C3, D4 na C4, mpaka chini. Ni kama kumwambia mtoto, "Muulize aliyeko kushoto kwako." Kila mtoto kwenye foleni akiambiwa hivyo atamuuliza mtu tofauti, kwa sababu kila mmoja ana kushoto kwake.

Kwa hiyo ukikosea mahali pa kuanzia, umekosea kwa watu wote. Kosa tunaloliona sana ni mtu kubonyeza herufi D iliyo juu kabisa ili achague safu nzima, halafu anaandika =D2<C2. Amesahau kwamba safu nzima inaanzia D1, pale penye kichwa. Basi D1 inapewa jibu la mstari wa 2, D2 inapewa jibu la mstari wa 3, na kuendelea. Kila mwanachama anapakwa rangi ya mwenzake wa chini. Ukitazama haraka huoni kitu, kwa maana rangi zipo na idadi yake inakaribiana na ukweli. Katika Excel jambo hilo hilo la kusogea hutokea ukichagua kutoka chini kwenda juu, kwa sababu programu huhesabu kutoka seli uliyoanzia.

Wakati mwingine lakini hatutaki jirani asogee. Tuseme kikundi kimeamua kila mtu atoe shilingi 500, na badala ya kuandika 500 mara ishirini, katibu ameiandika mara moja tu kwenye seli ya H1. Anaweka sharti =D2<H1. Mwanachama wa kwanza anapimwa sawasawa. Wa pili anapimwa na H2, ambayo ni tupu, na seli tupu kompyuta huihesabu kuwa sifuri. Aliyetoa shilingi 200 anaulizwa kama 200 ni ndogo kuliko sifuri. La, si ndogo. Hapakwi rangi. Basi kikundi kizima kinaonekana safi, kila mtu anafurahi, na sanduku lina upungufu. Hili ni baya kuliko kupaka rangi nyingi, maana rangi ikizidi watu hulalamika, lakini ikikosekana hakuna anayeuliza.

Dawa yake ni alama ya dola:

=D2<$H$1

Dola hapa haihusu pesa za Marekani. Ni msumari. Dola iliyo mbele ya H inaipigilia safu isisogee, na dola iliyo mbele ya 1 inaupigilia mstari usisogee. Ukiweka moja tu, umepigilia upande mmoja na upande wa pili uko huru.

Sasa turudi kwa yule mama. Katibu wa kikundi chake alitaka mstari mzima upakwe rangi, pamoja na jina, ili watu waone vizuri. Ni wazo zuri. Alichagua kuanzia A2 hadi chini kwenye E, akaandika =D2<C2 kama alivyozoea. Tazameni kilichotokea. Kwenye safu ya A, swali ni kama D ni ndogo kuliko C, na hilo ni sawa. Lakini kwenye safu ya B, yaani penye jina, kanuni imesogea hatua moja kwenda kulia. Sasa inauliza kama E ni ndogo kuliko D, yaani kama pesa zilizobaki ni kidogo kuliko alizotoa. Mama aliyetoa 500 zote amebakisha sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko 500, ndiyo, jina lake linapakwa nyekundu. Asiyetoa kitu amebakisha 500, na 500 si ndogo kuliko sifuri, jina lake linabaki jeupe. Ni kinyume kabisa. Anayelipa anaitwa mdaiwa na mdaiwa anapigiwa makofi.

Kilichohitajika ni misumari miwili tu, mmoja mbele ya D na mmoja mbele ya C:

=$D2<$C2

Safu zimepigiliwa, kwa hiyo seli zote za mstari, kuanzia namba mpaka zilizobaki, zinauliza swali moja. Mstari uko huru, kwa hiyo kila mwanachama anaulizwa habari zake mwenyewe. Ukikumbuka kanuni moja tu kutoka ukurasa huu, iwe hii.

Kuna jedwali la pili ambalo vikundi vya akiba hupenda, lile la mwaka mzima. Jina liko B, Januari iko C, Februari D, mpaka Desemba kwenye N. Hapa tunataka kuona ni nani akiba yake imeshuka kuliko mwezi uliotangulia. Kwa hiyo kila mwezi umtazame jirani wa kushoto, na jirani huyo lazima asogee, kwa hiyo usiweke dola hata moja. Chagua kuanzia D2, si C2. Kwa nini? Kwa sababu kushoto kwa Januari hakuna mwezi, kuna jina la mtu. Excel ikilinganisha tarakimu na maneno husema daima kwamba maneno ni makubwa. Ukianzia Januari, Januari yote itakuwa na rangi kuanzia juu mpaka chini, hata ya mwenye kutoa elfu kumi.

Tena kuna miezi ambayo haijafika. Kama tuko Juni, Julai ni tupu, tupu ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko akiba ya Juni. Julai yote itawaka. Kwa hiyo tunaongeza sharti la pili, kwamba seli isiwe tupu:

=AND(D2<>"",D2<C2)

Neno AND linadai majibu yote mawili yawe ndiyo. Katika kompyuta nyingine, kulingana na ilivyopangwa, koma ile ya katikati hukataliwa na hutakiwa nukta-mkato, jaribuni. Lakini angalieni kwamba sasa mweka hazina amepata wajibu mpya. Mwanachama ambaye hakuweka kitu mwezi huo aandikiwe 0. Asiachwe tupu. Tupu maana yake ni kwamba mkutano haujafika au haijaandikwa, na 0 maana yake ni kwamba mkutano ulifika na hakuweka. Hata katika daftari la karatasi tumekuwa tukiomba hivyo miaka mingi.

Jambo lingine ambalo limewasumbua wengi ni mazoea yetu ya kuandika 200/=. Kwenye risiti ni sawa. Ndani ya seli, ile alama ya /= inaigeuza tarakimu kuwa maneno, na tumekwisha kusema kwamba maneno huhesabiwa kuwa makubwa kuliko tarakimu yoyote. Aliyeandikiwa 200/= hatapakwa rangi kamwe, hata kama anadaiwa elfu tano. Mtu mjanja anaweza kujificha humo mwaka mzima. Andika 200 tupu, na neno shilingi likae kwenye kichwa cha safu. Kuna dalili ya kuwatambua: kama hakuna aliyepanga vingine, tarakimu husimama upande wa kulia wa seli na maneno upande wa kushoto. Ukiona kiasi kimeegemea kushoto peke yake, kichunguze.

Kwa vikundi vinavyopokea michango kwa simu, ambayo imekuwa kawaida tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tunapendekeza safu moja zaidi, F, ya namba ya ujumbe wa malipo au ya risiti. Kisha weka sharti hili kwenye mistari yote, kwa rangi tofauti:

=AND($D2>0,$F2="")

Maana yake: kuna pesa zimeandikwa, lakini jirani anayepaswa kuzithibitisha ni mtupu. Kwa maoni yetu rangi hii ina faida kuliko ile ya wadaiwa. Ile ya wadaiwa inamwangalia mwanachama, hii inamwangalia mwandishi wa hesabu, na viongozi ndio wanaopaswa kuangaliwa kwanza. Vikundi vya mikopo navyo viweke tarehe ya kumaliza kulipa kwenye safu moja na salio kwenye nyingine. Kama tarehe iko D na salio liko E, =AND($E2>0,$D2<TODAY()) itapaka mikopo iliyopitisha siku, kwa sababu TODAY ni tarehe ya leo kila faili inapofunguliwa.

Tuseme kidogo kuhusu kile ambacho rangi haiwezi kujua. Wengi wetu hatupati pesa kila mwezi. Anayengoja bonasi ya chai, au mahindi yauzwe, hutoa ya miezi mitatu kwa mara moja. Sharti linaloangalia mwezi mmoja tu litampaka rangi miezi miwili inayofuata, ingawa ametangulia kuliko wenzake. Kwa watu wa namna hii linganisheni jumla iliyopaswa kufikiwa mpaka leo na jumla aliyotoa mpaka leo, si mwezi kwa mwezi. Safu mbili za jumla, sharti ni lile lile.

Tena, ni kwa nini lazima iwe nyekundu? Nyekundu kwetu ni rangi ya kosa. Mwalimu alitusahihisha kwayo. Sisi tunaonelea njano yatosha. Njano inasema "angalia hapa," na kamati inaweza kwenda nyumbani kwa mtu kuuliza kwa upole kabla ya mkutano. Na ile tabia ya kubandika karatasi yenye majina na rangi kwenye mlango wa kigango, kusema kweli, haitupendezi. Deni la mtu ni habari zake, na tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Mkutano wa wanachama ni mahali pake, mlango wa kanisa sipo.

Kabla ya kuamini rangi, ijaribuni. Andikeni watu watatu tu wa mfano: mmoja ametoa zote, mmoja nusu, mmoja hakutoa. Tazameni ni nani amepakwa. Kisha badilisheni aliyetoa zote awe hakutoa, na rangi ihame mbele ya macho yenu. Ikikataa kuhama, rudini kwenye kanuni. Fanyeni jaribio hilo tena mkiongeza wanachama, kwa sababu sharti lililowekwa hadi mstari wa 21 halimjui mwanachama wa mstari wa 22. Ni vizuri kuingiza mstari mpya katikati ya orodha kuliko kuuongeza chini, kwa maana ukiingizwa katikati sharti hupanuka lenyewe. Na mtu akikata na kubandika seli hapa na pale, sharti hukatikakatika vipande. Katika Excel, mahali panapoitwa "Manage Rules" panaonyesha kila sharti na seli linazozishika, na mwenye kukagua hesabu aanzie huko.

Mwisho, karatasi. Mashine nyingi za kunakili hutoa nyeusi na nyeupe, na njano na nyekundu zote hugeuka kijivu au hupotea. Tena wako wanaume kadhaa katika kila parokia ambao tangu kuzaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani, na wengi wao hawasemi. Kwa hiyo pamoja na rangi wekeni neno. Kwenye safu ya G, mstari wa 2, andika =IF(D2<C2,"BADO","SAWA") na uinakili kushuka chini. Neno hilo husomeka hata kwenye nakala mbaya, na lina faida nyingine ambayo rangi haina: linahesabika. Chini ya safu andika =COUNTIF(G2:G21,"BADO") na utajua wamebaki wangapi. Linganisha namba hiyo na seli za D zenye rangi, ukizihesabu kwa kidole. Zikitofautiana, usichapishe, fungua daftari la karatasi, uanze na mwanachama wa kwanza.